Mabaka yalifutika, kifua kikabana: kisa cha mtoto wa Mikindani na kashata ya korosho

Mtoto wa kiume, miaka 6, kilo 20, aliletwa kituo cha afya Mtwara mjini Jumamosi moja ya msimu wa korosho, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, amepakatwa na bibi yake kwenye bajaji. Ngozi yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililowachanganya waliokuwa zamu, maana familia ilieleza kuwa muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amejaa mabaka mwili mzima. Alikuwa anasinzia. Ukimwamsha anafumbua macho, anakohoa kikohozi kikavu, anarudi kulala. "Tumempa Piriton," mjomba wake alisema, "ndiyo inamlaza."

Kisa hiki cha mzio mkali wa chakula nimekiunganisha kutoka kwenye visa vya aina moja, na yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Ninachotaka kukichambua ni kile kipindi kati ya mabaka kufutika na mtoto kufikishwa kituoni. Dawa ilikuwa sahihi kwa jina lake, dozi ilikuwa sahihi kwa umri wake, ilifanya kazi yake barabara, na mtoto alikuwa anazidi kuzama.

Mchana ule nyumbani Mikindani kulikuwa na wageni. Watu wanane walikula sinia moja, wali wa nazi na jodari wa mchuzi. Baada ya kunawa, watoto wakagawiwa kashata ya korosho aliyoipika bibi mwenyewe. Bibi huyu amebangua korosho tangu usichana wake. Vidole vyake vina makovu meusi ya mafuta ya maganda, na hakuna wa kumfundisha namna ya kuichoma.

Dakika kama tano baada ya kumaliza kipande chake, mtoto alilalamika mdomo unamwasha. Midomo ikavimba. Mabaka mekundu yaliyoinuka yakatokea shingoni, yakashuka tumboni hadi mapajani. Akashika tumbo, akatapika mara mbili. Jirani akashauri maziwa ya kuua sumu. Akanyweshwa, akayatapika nayo. Mjomba akakimbilia duka la dawa muhimu, akarudi na chupa ya Piriton ya maji, na saa saba na nusu hivi mtoto akapewa kijiko kimoja cha chai. Baada ya dakika arobaini mabaka yakaanza kufifia. Watu wakapumua. Wageni wengine wakaaga.

Aliyeona kwamba mambo si shwari ni bibi. Sauti ya mjukuu wake ilikuwa imekwaruza, na mikono ilikuwa baridi. Kituoni muuguzi alipomwamkia na kuuliza kulikoni, bibi aliitikia, kisha akasema maneno ambayo yangestahili kuandikwa juu kabisa ya faili: "Mwanangu, huyu mimi nalala naye kitanda kimoja, usingizi wake naujua. Huu si usingizi wake."

Alipopimwa, mapigo ya moyo yalikuwa 154 kwa dakika, pumzi 44, oksijeni asilimia 90, presha 76 kwa 40. Kwa mtoto wa miaka 6, presha ya juu ikishuka chini ya 82 imeshuka kweli. Kifua kilitoa mluzi pande zote mbili. Kwa hiyo kilichomlaza hakikuwa Piriton peke yake. Damu ilikuwa haifiki vizuri kichwani.

Muuguzi hakungoja. Alivuta adrenalini ml 0.2 kutoka kwenye ampuli ya mg 1 kwa ml 1, hesabu ya mg 0.01 kwa kila kilo ya uzito, akachoma msuli wa paja upande wa nje. Mtoto akalazwa chali, miguu imeinuliwa, akawekewa oksijeni, dripu ya chumvi ikafunguliwa, ml 200 za kwanza kwa haraka. Baada ya dakika tano mluzi ulikuwa bado upo, akachomwa dozi ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, akavuta kwa pampu kupitia chupa ya plastiki ya maji ya kunywa iliyotobolewa kitako, kifaa cha maskini kinachofanya kazi vizuri kama cha dukani. Ilipofika saa tisa na dakika ishirini presha ilikuwa 98 kwa 58, oksijeni 96, na mtoto alikuwa anadai maji. Haidrokotisoni, dawa ya aina ya steroidi, alipewa baada ya hapo, si kabla, na mpangilio huo nitaurudia huko mbele kwa sababu mahali pengi hufanywa kinyume. Akapelekwa hospitali kulala. Saa nne usiku mabaka na kikohozi vilirudi, vyepesi zaidi. Akachomwa adrenalini mara ya tatu, kukatulia hadi asubuhi.

Jodari alishtakiwa kwanza

Familia ilimshuku samaki, na haikuwa kwa ujinga. Jodari alinunuliwa jana yake jioni, akalala bila barafu. Watu wa pwani wanajua kuwa jodari au kibua aliyelala huwasha. Nyama ya samaki hao ina histidini nyingi, kiungo kimojawapo cha protini, na samaki akikaa kwenye joto, bakteria kama Morganella morganii huigeuza histidini kuwa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe. Moto hauiharibu. Mkaange, mchemshe, mpike kwa nazi, histamini iko palepale. Mlaji anakuwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, mdomo unamwasha kama aliyetafuna pilipili, na wengine huharisha. Kanuni za kimataifa za Codex zimeweka kikomo cha mg 200 kwa kilo moja ya samaki.

Histamini ya jodari na histamini ya mtoto huyu ni kitu kimoja kikemia. Tofauti ni ilikotoka. Ya samaki imeletwa na sinia. Mwili wa mlaji haukuitengeneza wala haukuifungulia mlango. Inaingia kwa mkupuo mmoja, vimeng'enya vinaivunja, na wakati huo antihistamini, yaani dawa ya kuzuia histamini kama Piriton, inatosha kabisa kwa wagonjwa walio wengi. Nadhani hapa ndipo Piriton ilipojipatia heshima kubwa pwani yetu. Heshima hiyo ni ya haki, ila imechumwa kwenye ugonjwa mwingine.

Lililomfutia jodari mashtaka ni hesabu ya walaji. Watu wanane, sinia moja, aliyeugua mmoja. Histamini ya samaki haichagui mtu, na ingawa kipande kimoja kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko kingine, ungetarajia angalau mwingine mmoja ajikune. Isitoshe, mtoto alikula samaki akashiba, akanawa, akacheza. Balaa lilianza baada ya kashata.

Muuguzi akauliza, "Bibi, kuna siku aliwahi kuwashwa mdomo na korosho kabla ya leo?"

"Aliwahi, mwanangu. Mwaka jana. Nikajua ni mafuta ya ganda, korosho haikukolea moto."

Jibu hilo lina mantiki yake kwa mtu wa Mtwara. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadi na kadoli. Yanaunguza ngozi, na kwa baadhi ya watu huamsha mzio wa ngozi unaotokea siku moja au mbili baada ya kugusana nayo: malengelenge, ngozi kubanduka, muwasho wa siku kadhaa. Mzio huo unaendeshwa na chembe nyeupe za damu aina ya T. Seli za masti, zile chembe za kinga zinazotunza histamini, hazina usemi mkubwa humo, ndiyo maana mbanguaji aliyeungua mikono akimeza Piriton haoni nafuu ya maana zaidi ya kusinzia. Moto wa kuchomea unayaondoa mafuta hayo, na bibi alikuwa sahihi kwamba korosho isiyoiva inawasha.

Lakini mtoto hakudhuriwa na ganda. Aliyemdhuru ni protini za kiini chenyewe, kile cheupe kinachouzwa kwa bei. Wataalamu wamezipa majina: Ana o 1, Ana o 2 na Ana o 3. Hiyo ya tatu ni ndogo, ngumu, inastahimili moto na tindikali ya tumbo. Choma korosho, saga, chemsha na sukari ugeuze kashata, Ana o 3 inafika utumboni ikiwa na umbo lake. Korosho kwa mwenye mzio nayo si ya kuchezea. Ukiwalinganisha watoto, wenye mzio wa korosho hupata matatizo ya kifua na ya mzunguko wa damu kwa urahisi kuliko wenye mzio wa karanga.

Ndani ya seli ya masti

Paul Ehrlich alizichora seli hizi mwaka 1878, akiwa mwanafunzi wa udaktari Ujerumani, kwa sababu zilikuwa zimejaa punje zilizopokea rangi kuliko jirani zake. Kazi ya punje hizo haikujulikana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, James Riley na Geoffrey West walipoonyesha huko Dundee, Scotland, kwamba ndimo histamini ya tishu inamohifadhiwa. Zipo nyingi mahali mwili unapokutana na nje: ngozi, pua, njia za hewa, utumbo. Nyingine zimejipanga kandokando ya mishipa ya damu.

Mtoto wetu alipoonja korosho mwaka uliotangulia, mwili wake ulikuwa tayari umetengeneza kingamwili za IgE dhidi ya protini za korosho, zikajibandika juu ya seli za masti. Hii yenyewe si ugonjwa. Ugonjwa unaanza protini ya korosho inaporudi na kuzishika IgE mbili au zaidi kwa pamoja. Ishara inaingia ndani, kalisi inapanda, punje zinasogea hadi ukingoni na kumwagwa nje. Kwa histamini iliyokwisha kutengenezwa, hii ni kazi ya dakika chache. Ndiyo maana mdomo uliwasha kabla sinia halijaondolewa mkekani.

Histamini ni ya kwanza kutoka, ila haitoki peke yake wala si ya mwisho. Seli hiyohiyo, ndani ya dakika zinazofuata, inaanza kutengeneza vitu vipya kutokana na mafuta ya utando wake: prostaglandini D2 na leukotrini. Hizi hazikuwa ghalani. Zinapikwa papo hapo. Saa kadhaa baadaye kunafuata wajumbe wa protini wanaoita chembe nyingine za kinga. Leukotrini ndizo za kuogopa kifuani. Katika kubana njia za hewa za binadamu, zina nguvu inayofika mara elfu ya histamini.

Sasa irudie picha ya mchana ule. Ngozini, muwasho na mabaka ni kazi ya histamini kwa sehemu kubwa, inapogusa vipokezi vya H1 kwenye mishipa midogo na neva. Klorofenamini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Piriton, inakikalia kipokezi hicho na kukituliza. Histamini inafika, inakuta kiti kimekaliwa. Mabaka yanafifia. Kwenye mapafu, H1 ni mchangiaji mdogo. Leukotrini na prostaglandini zina vipokezi vyao, na klorofenamini haina habari navyo. Kwenye mishipa mikubwa, iliyokuwa inavuja na kulegea kwa sababu nyingi kwa pamoja, kuzuia H1 peke yake hakukutosha kuinua presha. Na seli za masti zenyewe hazikupokea amri yoyote ya kuacha. Mtu akiziba masikio, ngoma haijanyamaza.

Kwa hiyo ngozi ilidanganya. Ndicho kiungo pekee ambacho familia iliweza kukiona, na ndicho pekee ambacho dawa ilikisafisha. Ongeza kwamba klorofenamini ni antihistamini ya kizazi cha kwanza, inaingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, basi presha inayoshuka ikapata pazia la pili: mtoto akilegea, kila mtu ana maelezo tayari. Ingekuwa setirizini, antihistamini ya kizazi cha pili, usingizi ungepungua, na pengine wangeshtuka mapema kidogo, lakini kifua kingebana vilevile. Kizazi cha kwanza na cha pili hutofautiana kwenye ubongo na kwenye muda wa kukaa mwilini. Kwenye swali la nani anaifunga seli, wote wako nje ya mlango.

Nani basi anaigusa seli?

Swali hili limekuwa la watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Antihistamini za mwanzo zilipatikana Paris mwaka 1937, kwenye maabara alimofanya kazi Daniel Bovet, aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1957. Tangu hapo zimejaribiwa sana kwenye mirija ya maabara kuona kama zinapunguza utoaji wa histamini. Baadhi zinapunguza, kwa viwango vilivyo juu sana ya vile vinavyopatikana kwenye damu ya mtu aliyemeza kidonge. Ukizidisha zaidi ya hapo, baadhi yake zinavuruga utando wa seli na histamini inamwagika zaidi. Kwa hiyo anayedhani kijiko cha pili na cha tatu cha Piriton kingeifikia seli ya masti, angeupata usingizi na mapigo ya kwenda mbio, asiipate seli.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya seli yenyewe ni kromoglikati, na historia yake naipenda kuliko zote. Roger Altounyan, daktari Mwingereza aliyekuwa na pumu, alikuwa akijijaribia mwenyewe kemikali zilizotokana na khelini, kitu cha mmea Ammi visnaga unaotumika Misri tangu zamani. Alikuwa akivuta kwa makusudi kitu kinachomletea pumu, kilichotokana na manyoya ya panya aina ya guinea pig, kisha anapima kama kemikali aliyoitumia kabla yake imezuia. Mwaka 1965 wakapata kromoglikati. Hiyo haizuii histamini kufika kwenye kipokezi; inaituliza seli isimwage punje.

Kwa kusikia hivyo unaweza kudhani hiyo ndiyo dawa ambayo mjomba angeitafuta. Hapana. Kwanza, inafanya kazi ikitangulia. Seli ikishamwaga, hakuna cha kutulizwa. Pili, ikimezwa, karibu yote inabaki utumboni; kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 1. Tatu, na hili ndilo lililowaumiza watengeneza dawa kichwa, seli za masti hazifanani. Zile za tumbo la panya maabara zinaitii kromoglikati vizuri mno. Za mapafu ya binadamu zinaitii kidogo, na utiifu wenyewe huchoka haraka. Za ngozi ya binadamu haziisikii. Kemikali nyingi zilizong'ara kwa panya katika miaka iliyofuata zilikufa zilipofika kwa watu. Kromoglikati imebaki na kazi ya heshima kwenye matone ya macho na dawa ya kupuliza puani kwa wenye mzio wa vumbi na chavua, ikitumiwa kila siku kabla ya kuwashwa.

Ketotifeni inasimama katikati: ni antihistamini, na pia ina tabia ya kutuliza seli. Kwa pumu ya watoto huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kitu. Haikuwa na nafasi yoyote Jumamosi ile.

Jibu lililowashangaza wengi lilitoka kwa dawa ambayo haikubuniwa kwa ajili ya seli za masti. Katika miaka ya 1980, seli zilizotenganishwa kutoka kwenye mapafu ya binadamu zilipojaribiwa kwa IgE, salbutamol, ile ya pampu ya bluu ya wenye pumu, ilipunguza utoaji wa histamini vizuri kuliko kromoglikati na wenzake. Njia yake ni vipokezi vya beta-2 juu ya seli ya masti: vikiguswa, AMP ya mzunguko, kemikali ya kupeleka ishara, inapanda ndani ya seli na mmwagiko unapungua. Na adrenalini inagusa vipokezi hivyohivyo.

Hapo ndipo adrenalini inapotengana na nyingine zote zilizotajwa. Kwa vipokezi vya alfa-1 inakaza mishipa, presha inapanda, uvimbe wa koo unapungua. Kwa beta-1 moyo unasukuma. Kwa beta-2 njia za hewa zinafunguka, na palepale seli za masti zinaambiwa zipunguze. Inatibu kilichokwisha kumwagwa na inapunguza kinachotaka kumwagwa. Hakuna syrup inayofanya hayo.

Hofu ya adrenalini kwa wahudumu naifahamu. Wamefundishwa kuwa ni dawa ya moyo uliosimama, na wameona ikichomwa mshipani watu wakitetemeka. Ya msuli wa paja, kwa dozi ya uzito, ni jambo jingine. Mtoto atapauka, atatetemeka kidogo, moyo utamwenda mbio kwa dakika chache. Nimesikia ripoti za zamu ambamo haidrokotisoni na Piriton ya sindano zimetangulia, na adrenalini "imeandaliwa". Steroidi hazimzuii mgonjwa kufa katika nusu saa ya kwanza. Zinaingia kwenye kiini cha seli na kubadilisha ni protini gani zitengenezwe, kazi ya saa nyingi, na punje zilizokwisha kujaa hazihusiki. Hata imani kwamba zinazuia wimbi la pili, lile la saa nne usiku, ina ushahidi hafifu. Mtoto huyu alipewa na wimbi likaja. Linaweza kuja ndani ya siku tatu, ila kwa wengi huja ndani ya nusu siku ya kwanza, na ndiyo sababu ya kumlaza hospitali mtoto anayeonekana mzima.

Jambo moja la pembeni. Zipo dawa zinazoifungua seli ya masti zenyewe, bila IgE, kodeini na mofini zikiwemo. Nyumbani kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya aina hiyo na mjomba alifikiria kumpa kwa ajili ya kile kikohozi kikavu. Bibi alikataa kwa sababu zake, kwamba mtoto ameshatapika vya kutosha. Alifanya vizuri.

Omalizumabu, kingamwili iliyotengenezwa kuikamata IgE kabla haijakaa juu ya seli, iliidhinishwa Marekani kwa pumu mwaka 2003 na kwa mzio wa chakula mwaka 2024. Ni sindano ya kila wiki mbili au nne, na bei yake haizungumziki kwenye familia inayosubiri malipo ya mnada wa korosho.

Kuishi na mzio wa korosho ndani ya Mtwara

Ushauri wa "epuka korosho" ni rahisi kuutoa Dodoma. Mikindani, msimu ukifika, korosho ziko kwenye mkeka wa jirani, kwenye mfuko wa sare wa mwenzako darasani, kwenye kibakuli cha mgeni. Bibi alihamishia ubanguaji wake kibandani nyuma ya nyumba na kashata zikawa za nazi au ufuta, huku korosho zikiwa na chungu chake na kinu chake. Pistachio ni ndugu wa karibu wa korosho na hairuhusiwi, ingawa sijui nani angemletea. Embe nayo ni ya ukoo mmoja, lakini mtoto ameila miaka yote bila shida, na hakukuwa na sababu ya kumnyang'anya.

Kalamu za adrenalini za kujichoma zenye dozi tayari hazikupatikana. Walipewa ampuli mbili, mabomba ya ml 1 yenye sindano ndefu ya kufika msulini, na mjomba na mwalimu wa darasa wakafundishwa kuvuta ml 0.2 kwa kutumia maji, wakirudia hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Mstari wa ml 0.2 ulichorwa kwa kalamu ya wino kwenye kila bomba. Piriton haikupigwa marufuku. Kwa mabaka matupu, bila sauti kukwaruza, bila kikohozi, bila kutapika, bila kulegea, ni dawa nzuri, na bibi alitaka kusikia hivyo waziwazi.

Miezi miwili baadaye walikwenda Dar es Salaam kupimwa mzio kwa ngozi. Kipimo hiki kinaweka tone la korosho, tone la samaki, tone la maji ya chumvi na tone la histamini tupu juu ya mkono, kisha kila tone linachomwa kidogo na kusubiriwa dakika 15. Tone la histamini huwekwa kwa sababu kila mtu lazima avimbe hapo; ni uthibitisho kwamba ngozi inajibu. Kwa mtoto huyu hakuna kilichovimba, hata hapo. Shangazi aliyewapokea alikuwa amempa setirizini kwa siku tatu mfululizo kwa ajili ya mafua. Daktari hakusoma kipimo kabisa. Aliwaambia waache dawa hiyo, warudi baada ya wiki moja.

Waliporudi, histamini ilivimba mm 5. Maji ya chumvi sifuri. Jodari sifuri. Korosho mm 11.